Namba ya Toleo Haipimi Usalama wa Seva

Miongoni mwa wasimamizi wa seva, na zaidi kati ya wakaguzi wanaowakagua, imejengeka imani kwamba programu inayotoka kwenye ghala la distro ya Linux ni programu iliyopitwa na wakati. Ushahidi wao ni namba. Distro inatoa Apache yenye namba ya nyuma, waundaji wa Apache wenyewe wameshatangaza namba ya mbele, na mtu akiziona namba hizo mbili pamoja anahitimisha kuwa seva iko wazi kwa wadukuzi. Dawa anayoandikiwa msimamizi ni moja: aondoe kifurushi, apakue msimbo chanzo, aukompaili mwenyewe kwa configure, make na make install, kisha aendeshe toleo jipya kabisa. Anayefanya hivyo anahesabiwa fundi. Anayebaki na apt au dnf anaonekana mvivu. Naipinga imani hii kuanzia mzizini. Kwenye seva inayohudumia watu, kifurushi cha distro inayotunzwa, hata kikiwa na namba ya miaka kadhaa iliyopita, mara nyingi mno ni salama kuliko programu iliyokompailiwa na mtu mmoja, kwa sababu usalama wa seva unatokana na matunzo ya kila wiki, na make install ndiyo hasa inayokata kamba ya matunzo hayo.

Kosa la kwanza liko katika kuisoma namba. Distro za kudumu, kama Debian stable, Ubuntu LTS na Red Hat Enterprise Linux, huchagua toleo moja la programu na kubaki nalo kwa miaka. Dosari ya usalama ikigundulika, watunzaji wa kifurushi huchukua kile kiraka kinachoiziba, wakakirudisha nyuma kwenye toleo lao, wakajenga kifurushi upya na kukitia saini. Vipengele vipya haviingii. Kinachoingia ni kiraka tu. Namba ya waundaji inabaki ileile, na kinachobadilika ni mkia unaoifuata. Aprili 2014, dosari ya Heartbleed ilipotangazwa, OpenSSL kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f zote zilikuwa na tundu, na waundaji walitoa 1.0.1g kuliziba. Debian 7 haikutoa 1.0.1g. Ilitoa 1.0.1e-2+deb7u5, yaani 1.0.1e ileile iliyorekebishwa mara ya tano ndani ya Debian 7. Aliyesoma herufi ya e peke yake aliona mashine mbovu. Aliyesoma mkia aliona mashine iliyotibiwa siku ileile dosari ilipotangazwa. Maelezo haya yamo katika nyaraka za Debian na Red Hat tangu zamani, na bado ripoti za ukaguzi zinaandikwa kana kwamba hakuna aliyewahi kuyatoa.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba msimbo mpya hauna dosari mpya. Tazama yaliyoipata Apache mwaka 2021. Katikati ya Septemba lilitoka toleo la 2.4.49. Lilikuwa na sababu nzuri ya kuwahiwa, kwa kuwa liliziba dosari kadhaa, ikiwemo moja nzito kwenye mod_proxy inayojulikana kwa namba CVE-2021-40438. Lakini ndani ya toleo hilohilo waundaji walikuwa wamebadilisha namna seva inavyosafisha njia za anwani, na badiliko hilo likafungua tundu ambalo halikuwepo. Anwani iliyoandikwa kwa hila iliweza kutoka nje ya saraka ya tovuti na kusoma faili nyingine za mashine, kama mipangilio haikuzifunga, na pale ambapo CGI ilikuwa imewashwa, mshambuliaji aliweza kuendesha amri zake mwenyewe. Wadukuzi walikuwa wameshaanza kulitumia kabla ya tiba kutoka. Tarehe 4 Oktoba likaja 2.4.50, ikabainika kuwa kiraka chake hakikutosha, na tarehe 7 Oktoba likaja 2.4.51. Swali linalonihusu hapa ni hili: nani aliyeathirika? Walioathirika ni wale waliokuwa wamepanda hadi 2.4.49, basi. Seva ya Ubuntu 20.04 iliyokuwa na 2.4.41 haikuguswa. Seva ya CentOS 7 iliyokuwa na 2.4.6, toleo lililotoka mwaka 2013 na ambalo kila skana ililipigia kelele, haikuguswa.

Wala wenye namba za nyuma hawakuachwa na ile dosari ya mod_proxy. Watunzaji wa Ubuntu walichukua kiraka chake wakakiweka kwenye 2.4.41 bila kuubeba ule msimbo mpya wa njia za anwani. Ni kweli kiraka hicho kilileta hitilafu yake, wakalazimika kukisahihisha tena. Lakini sahihisho lilipita katika mkondo uleule, likazifikia mashine zilizokuwa zikijisasisha zenyewe bila mtu kuamshwa usiku. Anayekompaili hana nafasi ya kuchagua namna hiyo. Akitaka kiraka cha dosari moja, kwa kawaida analichukua toleo zima, pamoja na kila kitu kipya kilichomo, kizuri na kibaya, siku ya kwanza, kabla hakijajaribiwa na wengine.

Mfano huo hauko peke yake. Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza dosari ya OpenSSH iliyopewa jina la regreSSHion, iliyoweza kumpa mtu wa nje mamlaka ya root bila nywila. Ilikuwa dosari ya mwaka 2006 iliyozibwa kisha ikarudi kwa bahati mbaya katika toleo la 8.5p1 la mwaka 2021, ikaendelea hadi 9.7p1. Red Hat 8 yenye 8.0p1 haikuwa nayo. Ubuntu 20.04 yenye 8.2p1 haikuwa nayo. Debian 12 ilikuwa nayo, na ikatoa kiraka siku hiyohiyo. Hata Heartbleed iliwaruka wote waliokuwa bado na tawi la 0.9.8. Sidai kwamba uzee wa msimbo ni kinga. Shellshock, iliyotangazwa Septemba 2014, ilikuwa imelala ndani ya bash tangu mwaka 1989, na matoleo ya kale yalikuwa nayo sawa na mapya. Ninachodai ni kwamba namba kubwa haikuambii upande wowote, na kwamba kinachotofautisha mashine salama na mashine hatarini ni kama kuna mtu anayeiletea viraka, na kama viraka hivyo vina njia ya kufika.

Njia hiyo ndiyo inayokatwa. Kifurushi kikiwekwa na apt, mfumo unajua kila faili iliyokuja nacho, unajua kinategemea maktaba zipi, na unajua toleo lake kwa mkia wake kamili. Faili zinazowekwa na make install chini ya /usr/local hazina kumbukumbu hiyo. Huduma ya unattended-upgrades hupita kila siku na kuziacha, kwa kuwa kwake hazipo. Maktaba ya OpenSSL ya mfumo ikizibwa, programu iliyokompailiwa na nakala yake yenyewe ya OpenSSL inabaki na tundu, na mashine nzima inaonekana imesasishwa. Faili ya systemd, mzunguko wa kumbukumbu za logi, mtumiaji maalumu asiye na mamlaka, kanuni za SELinux au AppArmor zilizoandikwa kwa njia za faili za kifurushi, vyote hivyo distro ilikuwa imevifanya kimyakimya, na sasa lazima mtu avifanye kwa mkono. Kuna pia bendera za kompaila zinazouongezea msimbo kinga dhidi ya mashambulizi ya kumbukumbu, ambazo watunzaji wa vifurushi huziwasha kwa utaratibu na ambazo anayekompaili nyumbani huweza kuzikosa asipojua kuziomba. Katika ofisi nyingi za kwetu msimamizi ni mmoja, na huyohuyo ndiye anayeitwa printa ikikwama. Akihama kazi, anayempokea anakuta /usr/local/apache2 bila kujua nani aliikompaili, lini, kwa chaguo gani. Kama ni nginx, amri ya nginx -V itamwonyesha chaguo za ujenzi. Haitamwonyesha nani amekuwa akifuatilia matangazo ya usalama tangu siku hiyo.

Kwa wanaopenda kusema kwamba programu hii yatima inaweza kulelewa ikiwa na mtu makini, historia ya OpenSSL kwenye CentOS 7 inatosha. Mfumo huo uliishia na OpenSSL 1.0.2k, isiyojua TLS 1.3. Python ilipofika 3.10, Oktoba 2021, ikadai OpenSSL 1.1.1 au zaidi. Wasimamizi wengi wakakompaili 1.1.1, wakaiweka kando ya ile ya mfumo, na kazi ikaenda. Lakini waundaji wa OpenSSL walifunga msaada wa bure wa 1.1.1 tarehe 11 Septemba 2023. Kuanzia hapo aliyeikompaili alikuwa na maktaba isiyo na mtunzaji, hata angekuwa makini kiasi gani, mpaka ahamie tawi la 3 na kujenga upya kila kinachoitegemea. Na watumiaji wa Ubuntu 20.04, yenye 1.1.1f, namba iliyo nyuma kuliko nyingi zilizokompailiwa? Wao waliendelea kupokea viraka, kwa sababu Canonical, kampuni ya Ubuntu, ilikuwa imeahidi kuitunza distro nzima hadi 2025, na ahadi hiyo haikutegemea waundaji wamechoka lini. Hali ilikuwa hivyohivyo kwa 1.1.1k ya Red Hat 8. Namba ndogo ilikuwa hai na namba kubwa imeachwa, jambo ambalo mtazamo wa namba hauwezi kulieleza kabisa.

Mkaguzi atasema kwamba yeye hawezi kufungua kila kifurushi. Skana yake inasoma namba ambayo seva inaitangaza kwenye mtandao, inailinganisha na orodha ya dosari, na ripoti inatoka. Naelewa ugumu wa kazi yake, lakini namna hiyo ya kupima ina madhara ya kweli. Inamsukuma msimamizi aondoe programu inayotunzwa na kuweka isiyotunzwa ili mistari myekundu ipungue. Dawa ipo. Red Hat na Debian zote huchapisha hadharani, kwa kila CVE, ni kifurushi kipi cha toleo lipi kimeathirika na kipi kimeshazibwa, kwa muundo ambao mashine inaweza kuusoma, na skana zenye ruhusa ya kuingia ndani ya seva hulinganisha orodha ya vifurushi na data hizo. Hapo mkia wa namba unahesabiwa. Ila skana hizohizo, kwa kuwa zinaitegemea orodha ya vifurushi, kwa kawaida hazioni kilichokompailiwa kwa mkono. Programu iliyobadilishwa ili kumridhisha mkaguzi wa nje inaweza kutoweka kabisa machoni pa mkaguzi wa ndani, na ripoti safi ikatolewa juu ya seva ambayo hakuna anayejua kilichomo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Debian yenyewe, na silikwepi. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL cha Debian aliondoa mistari ya msimbo iliyokuwa ikitoa maonyo katika zana ya kupimia kumbukumbu. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikichanganya unasibu ndani ya kizalishi cha funguo. Kwa karibu miaka miwili, hadi tangazo la tarehe 13 Mei 2008, funguo za SSH na vyeti vilivyozalishwa kwenye Debian na Ubuntu vilitegemea kitu kimoja tu kinachobadilika, namba ya mchakato, na kwa hiyo kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na uwezekano 32,768 pekee. Mtu angeweza kuzijaribu zote. Aliyekuwa amekompaili OpenSSL kutoka kwa waundaji alikuwa salama. Hili ni doa la kweli: mkono wa kati uliharibu kilichokuwa kizima. Lakini angalia lilivyomalizwa. Dosari ikagunduliwa na Luciano Bello, ndani ya Debian, kifurushi kikarekebishwa, ikatolewa orodha ya funguo dhaifu, na OpenSSH ya Debian ikafundishwa kuzikataa. Tiba iliweza kuzifikia mashine hizo zote kwa sababu zilikuwa na anwani moja ya kupokelea tiba. Kosa la mtu aliyekompaili peke yake halipati mgunduzi, kwa kuwa hakuna mwingine anayeuendesha ujenzi wake, na halitolewi tangazo.

Pingamizi la pili ni lile la xz, programu ya kubana data. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, aliona kuwa kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya Debian sid, tawi la majaribio, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri uliopachikwa ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Mlango huo ulilenga vifurushi hasa: hati zake za ujenzi zilikagua kama zinajenga deb au rpm, na ulifika kwenye sshd kwa sababu baadhi ya distro zilikuwa zikiunganisha sshd na maktaba ya systemd, ambayo nayo ilikuwa ikiita liblzma, maktaba ya xz. OpenSSH iliyokompailiwa kama waundaji wake walivyoitoa haikuwa na njia hiyo. Hayo ni kweli, na anayetetea vifurushi akiyaficha anajivunjia heshima. Ila msimbo huo mbaya uliingizwa katika faili za toleo zilizotolewa kwa umma, ambamo hati iliyouwasha ilikuwemo huku kwenye hazina ya git haipo. Faili hizo ndizo anazopakua kila anayejenga kutoka chanzo, akimwamini mtoaji moja kwa moja bila mtu wa kati. Na toleo jipya lilifika kwenye distro za majaribio na zile zinazosasishwa mfululizo pekee. Debian 12, Ubuntu 22.04 na Red Hat 9 hazikuwahi kulipokea. Ule ucheleweshaji unaodharauliwa ndio uliowapa watu wiki chache za kuligundua kabla halijaingia kwenye seva za dunia nzima.

Hoja ya kasi nitaipitia haraka. Inasemwa kwamba programu iliyokompailiwa kwa ajili ya prosesa yako inakimbia zaidi. Kwa hesabu za kisayansi inawezekana. Kwa seva ya tovuti au barua, inayotumia muda wake mwingi kuungoja mtandao na diski, faida haionekani, na sehemu iliyo nzito kweli, usimbaji wa OpenSSL, tayari huitambua prosesa wakati wa kuendeshwa na kuchagua maagizo yanayoifaa, hata ikiwa imetoka kwenye kifurushi.

Hoja ya moduli ina uzito zaidi. Wakati mwingine kazi inadai kipengele ambacho kifurushi hakina, au toleo jipya la hifadhidata ambalo distro haitalileta kabla ya miaka 2. Hapo kubadilisha kifurushi ni halali, lakini bado si lazima mtu aiache njia ya vifurushi. PostgreSQL na nginx zina maghala yao rasmi ya deb na rpm, yanayosasishwa na waundaji wenyewe. Debian ina ghala la backports. Na kama moduli haipo popote, amri ya apt source inakupa msimbo chanzo wa kifurushi pamoja na viraka vyote vya distro na hati zake za ujenzi. Ongeza chaguo lako, andika mstari kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, weka mkia wako kwenye namba, jenga kwa dpkg-buildpackage. Unapata programu uliyoitaka, mfumo unaijua, mrithi wako anaona ulichobadilisha, na distro ikitoa kiraka unajua ni kazi gani ya kurudia. Hii pia ni kukompaili. Anayesema kwamba vifurushi vinamnyima uhuru wa msimbo chanzo hajawahi kuufungua msimbo chanzo wa kifurushi.

Nakubali pia kwamba si kila kilichomo ghalani kinatunzwa sawasawa. Ubuntu, kwa mfano, inatenga sehemu ya main, inayotunzwa na Canonical, na sehemu ya universe, ambako viraka vingi vya usalama huja kwa waliojiunga na Ubuntu Pro. Msimamizi anapaswa kujua programu yake imo sehemu ipi. Na kuna makampuni yenye timu nzima za kujenga programu zao, zenye zana za kujaribu na zamu za kufuatilia matangazo; hayo yameunda distro yao ndogo, na ninachosema hakiyahusu.

Linabaki pingamizi la wale waliochomwa na CentOS 8. Waliahidiwa msaada hadi 2029, kisha Desemba 2020 wakaambiwa utaisha tarehe 31 Desemba 2021. Wanauliza kwa haki: kwa nini tumwamini mtunzaji anayeweza kuondoka? Baadhi yao walijibu kwa kubaki na mfumo huo na kukompaili juu yake httpd mpya, PHP mpya, OpenSSL mpya. Lakini httpd hiyo inasimama juu ya glibc na kerneli ambazo hazipati tena viraka, na kila mwezi unaopita orodha ya vilivyo chini yake vinavyohitaji kukompailiwa inarefuka, mpaka mtu mmoja awe anabeba kazi iliyokuwa ikifanywa na idara nzima. Waliohamia AlmaLinux, Rocky Linux au Debian walipoteza siku kadhaa za uhamisho wakapata mtunzaji mwingine. Wenye seva za CentOS 7, ambayo msaada wake ulikwisha tarehe 30 Juni 2024, wako mbele ya uamuzi huohuo hivi sasa, na wengi wao wamepewa ripoti ya ukaguzi inayowaagiza wapandishe Apache. Ripoti hiyo inapaswa kuwaagiza wahamishe mfumo mzima, na iwape muda wa kufanya hivyo.